Mtoto Kapangiwa Kakamega? Mpelekeni, na Nyinyi Mkatembee

Mpwa wangu alipopangiwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, nyumba ilikuwa kama ya matanga. Dada yangu alitaka kujua kama hakuna njia ya kumhamishia Pwani, au basi hata Nairobi. Mtoto wa kike, Kakamega, atakula nini? Ataswali wapi? Mjomba ni mimi, kwa hivyo kazi ya kumpeleka nikatwikwa mimi. Nilikwenda kwa siku mbili, nikakaa wiki nzima. Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka wako wazazi wa huku kwetu wanaopata habari kama ile, na wengine huwazuia watoto wasende kabisa.

Safari ni ndefu, sitawadanganya. Kuna mabasi ya usiku kutoka Mombasa, au unapanda treni hadi Nairobi kisha basi. Ukifika Kisumu zimebaki kilomita kama 50 kuelekea kaskazini, na njiani unavuka Ikweta. Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ina saa zake: asubuhi jua, alasiri radi. Chukueni sweta. Kabla hujaingia mjini, pale Ilesi, utaona jiwe refu limesimama kama mtu aliyejitwika jiwe jingine kichwani, na maji yanamchirizika kifuani. Wenyeji wanaliita jiwe linalolia. Kila niliyemuuliza alikuwa na hadithi yake, nyingi za msichana aliyeachwa na mpenzi. Maji ya mvua hukusanyika juu kisha yakateremka taratibu, basi. Lakini ukilitazama jioni hutaki maelezo hayo.

Tuje kwenye chakula, maana ndiko dada yangu alikoanzia. Jina la mji lenyewe, wanasema wazee, lilitokana na ugali. Wazungu wa kwanza walipojaribu kuula kwa mkono walikuwa wakiudonoadonoa tu, watu wakawacheka kwa neno ambalo masikio yangu ya Kiswahili yalisikia ndani yake "kumega". Ugali huo, obusuma, ni mgumu kuliko wetu, na ukisongwa kwa unga wa wimbi na mtama hutoka mweusi na unashiba nao mchana kutwa. Mboga ndizo zilizonishinda nguvu. Mnavu na kunde tunazijua, lakini huko zinakutana na mrenda, saga na mitoo kwenye sufuria moja. Nazi hakuna. Badala ya tui wanatia maziwa, na badala ya magadi wanatia munyu wao wa kienyeji: maganda makavu ya maharagwe yanachomwa, majivu yanachujwa kwa maji, na maji hayo ndiyo yanayolainisha mboga na kuondoa uchungu. Kisha chungu hupashwa moto leo, kesho na keshokutwa. Mboga ya siku ya tatu ni tamu kuliko ya siku ya kwanza, jambo ambalo nilibisha mpaka nilipoonja.

Mgeni huchinjiwa kuku, ingokho. Mzee aliyenialika ni Mkristo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kula mboga peke yake nikisingizia tumbo. Nilipofika, kuku alikuwa bado hai, amefungwa miguu chini ya mwembe. Mzee akanipa kisu na kusema, "Nyinyi mna utaratibu wenu, endelea." Kumbe ni kawaida huko, kwa sababu koo nyingi zina jamaa Waislamu. Firigisi huitwa imondo na ni haki ya mwenye nyumba. Usiidokoe hata ukiwa na njaa vipi. Mzee aliigawa nusu akanipa, nikaona wanawe wakitazamana. Kumbikumbi waliokaangwa pia waliletwa. Hao niliwaachia mashekhe waamue.

Kuhusu kuswali, Kakamega mjini msikiti upo. Lakini jibu lililomtuliza dada yangu nililipata Mumias, mwendo usiofika saa moja kutoka mjini. Pale ndipo palipokuwa makao ya ufalme wa Wanga, na katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka huku kwetu ilikuwa ikipiga kambi hapo ikitafuta pembe za ndovu na kuelekea Uganda. Nabongo Mumia, aliyetawala tangu 1882 hadi alipofariki 1949, alikuwa mwenyeji wao kama alivyokuwa baba yake Shiundu. Misafara ilikwisha, dini ikabaki, na Kiswahili kikabaki. Niliswali Ijumaa Mumias katikati ya watu waliovaa kanzu na kofia, na bibi mmoja nje ya msikiti aliniuliza, "Watoka Mombasa? Basi umerudi nyumbani." Sikujua nimjibu nini. Sisi tunaosema bara hakukaliki, babu zetu walikwenda kwa miguu wakakaa.

Kituo cha utamaduni wa Wanga kiko Matawa, hapo hapo karibu, na historia hiyo utaipata kwa urefu. Mumias nyingine, ile ya kiwanda cha sukari kilichoanza kazi 1973 na kuanguka mbele ya macho ya wakulima wake, utaisikia bila kuuliza.

Jumamosi na Jumapili asubuhi mapema, maeneo ya Khayega na Shinyalu, nenda ukatazame ng'ombe wakipigana. Waliowahi kuona mchezo wa ng'ombe Pemba wasitarajie ule. Pemba ni mtu na ng'ombe; huku ni fahali kwa fahali, vichwa vimegongana, na anayegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa. Simama karibu na mti, maana anayeshindwa hachagui njia. Fahali hufika uwanjani akisindikizwa kwa isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, nayo hupigwa kwenye uzazi, harusi na hata mazishi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu wazee wanaoijua wanapungua na vijana wanaojifunza ni wachache. Yeyote aliyehangaika kutafuta mpigaji wa vumi na chapuo kwa harusi huku kwetu anaelewa hali hiyo.

Msitu wa Kakamega ndio unaowaleta wageni wa mbali. Ni kipande cha mwisho hapa Kenya cha msitu ule wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo, na ndiyo sababu ndani yake kuna ndege na nyani ambao Arabuko-Sokoke hutawaona. Chukua kijana wa pale akuongoze; macho yako peke yako yataona majani tu. Mimi nilionyeshwa mbega weusi kwa weupe, na ndege mkubwa wa buluu akirukaruka kwenye matawi kana kwamba amesahau kuwa ana mabawa. Tulipanda kilima cha Lirhanda alfajiri, ukungu ukiwa chini yetu. Ubavuni mwa kilima kuna pango lililojaa popo. Pango hilo lilichimbwa na watu waliokuwa wakitafuta dhahabu.

Dhahabu ina habari yake. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria kuahidi kwamba ardhi ya wenyeji haitachukuliwa bila kulipwa ardhi nyingine. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, na 1932 sheria ikarekebishwa. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, lakini watu bado wanachimba kwa sururu, na nilimwona mama akiosha mchanga uliosagwa kwa zebaki, mikono mitupu, mtoto mgongoni. Watu wa Kwale, nyinyi sina haja ya kuwaeleza zaidi.

Nilimwacha mpwa wangu na godoro, jiko na namba ya simu ya yule mzee wa kuku. Wiki ya pili alinipigia, nikadhani amechoka anataka kurudi. Alitaka nazi kumi. Wenzake wa chumbani walikuwa wamempikia mrenda mara tatu, naye ameahidi kuwapikia wali.