Susu, Kitovu na Mbeleko: Mtoto wa Kiswahili Kalazwa Wapi?

Katika darasa la tafsiri yapo maneno ambayo hayamtishi mtu mpaka siku ayashike mkononi. Neno la Kiingereza "cradle" ni mojawapo. Ukifungua kamusi unapewa susu, au kitanda cha mtoto mchanga, na kamusi nyingine inakuongezea mlezi. Unashukuru, unaandika, unasonga mbele. Mara sentensi inayofuata inakwambia kwamba Afrika Mashariki ni "cradle" ya binadamu, na hapo neno susu linakukwama kooni. Nani amewahi kusema Olduvai ni susu ya binadamu? Hakuna. Sote tunasema chimbuko, na wala hatujiulizi kitanda kimekwenda wapi.

Makala haya yanajiuliza. Nionavyo mimi, Kiswahili hakikukosa mahali pa kumlaza mtoto wake, ila hatujamtafuta panapostahili. Tunapekua vitandani wakati mtoto yuko mgongoni.

Kiingereza chenyewe tukipitie haraka. Kutokana na kitanda kile kidogo chenye kuyumba, wenyewe wamezaa ukoo mzima wa maneno: kitako kinachopokea mkono wa simu ya mezani, fremu inayoishika meli ikiwa nchi kavu, sanduku la kuyumbisha ambalo wachimba dhahabu wa California katika miaka ya 1850 walioshea mchanga. Kinachounganisha vyote ni umbo na mwendo: kitu kinalazwa, kinashikwa, kinayumbishwa. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Chombo kikipandishwa pwani, mabaharia wetu hukitia gadi kisilale ubavu, na gadi haina habari ya mtoto. Wapo wenzetu wanaoona huo ni upungufu wa lugha. Mimi siuoni. Kila lugha huchagua vitu vyake vya kufananishia, na uchaguzi huo ndio kazi yetu sisi wa fasihi.

Hata susu si mali ya mtoto peke yake. Kamba zilizosukwa zikatundikwa juu ili chungu au chakula kisifikiwe na paka wala panya, nazo ni susu. Mtoto aliyelazwa humo anahifadhiwa kama kitu cha thamani kinavyohifadhiwa: juu, mbali na vinavyotambaa. Picha nzuri, lakini haikupanda ngazi ya sitiari. Ilibaki nyumbani.

Iliyopanda ni chimbuko, na ukoo wake unaonekana waziwazi: chimba, chimbua, chimbuka. Kwa habari za binadamu wa kale neno hili limepatia kuliko lile la Kiingereza. Tarehe 17 Julai 1959, pale Olduvai, Mary Leakey aliona fuvu lililoitwa Zinjanthropus, ambalo umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Fuvu hilo lilichimbuka, kwa maana halisi kabisa ya kitenzi. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa kuanzia mwaka 1978, ni za kale zaidi, za miaka ipatayo milioni 3.6, nazo zina jambo la kumfurahisha mtu wa mada hii. Wapo waliokisia kwamba mmoja wa wale waliopita pale alikuwa na mzigo upande mmoja, pengine mtoto. Ni kisio tu. Lakini linanifanya niuone wazi upungufu wa neno letu: katika chimbuko mna udongo, mna jembe, ila hamna mama.

Kitovu kinaye. Tunaposema mtu anarudi kilipozikwa kitovu chake, tunasema kitu ambacho kitanda hakiwezi kukisema. Kitanda hupokea mtoto aliyekwisha kuzaliwa, ilhali kitovu kinakumbuka kipindi ambacho yeye na mamaye walikuwa mwili mmoja. Tatizo ni kwamba kitovu kiko pia katikati ya tumbo, na waandishi wa magazeti wamelivuta neno upande huo. "Kitovu cha biashara" hakina uzazi wowote, ni katikati tu. Kwa hiyo ukimwandikia msomaji "kitovu cha ustaarabu", hajui kama unamaanisha ulipoanzia au unapokutania. Mfasiri makini aliepuke, au alizungushie maneno ya kumwongoza msomaji.

Halafu kuna ule mwendo wa kuyumba. Huu nao tunao, isipokuwa umeingia kwenye vitenzi. Mtoto hubembea, mlezi hubembeleza, na nyimbo zake tunaziita bembelezi. Angalia sasa kubembeleza kulikofika: mdai anabembelezwa, mchumba anabembelezwa, hata mhadhiri hubembelezwa aongeze siku za kazi ya nyumbani (mara nyingi bila mafanikio). Lugha yetu ya kuomba imetoka mikononi mwa mtu anayemtuliza mtoto. Nami nina ugomvi mdogo na desturi ya kuziweka bembelezi katika fungu la "nyimbo za watoto" kisha tukaishia hapo. Mtoto mchanga haelewi maneno. Anayeyasikia ni mwimbaji mwenyewe na walio karibu, na ndiyo maana katika nyimbo hizi mna manung'uniko ya njaa, ya kazi, ya mume asiyerudi. Mama anasema na mkwe kwa kisingizio cha kusema na mwana. Tukizihakiki kama nyimbo za usingizi tu, tumelala sisi.

Na mama huyo anaimba akiwa wapi? Mara nyingi anatwanga, analima, anatembea. Hapo ndipo tunakutana na mbeleko.

Mbeleko ni kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni. Ni neno la ajabu kidogo, kwa sababu linataja kazi kuliko kitu. Kanga ikiwa kiunoni ni kanga, na ikiwa kichwani ni ya kujitanda. Mtie mtoto mgongoni, funga kifuani, tayari kanga ileile imekuwa mbeleko. Mteremshe, imerudi kuwa kanga. Katika harusi za pwani, miongoni mwa vipewa vya upande wa bibi harusi, kulikuwa na mkaja na ubeleko au mbeleko kwa ajili ya mama yake. Mkaja ni wa tumbo lililozaa, mbeleko ni ya mgongo uliobeba. Hesabu hiyo ilifanywa mbele ya watu: aliyemlea huyu alifanya kazi, na kazi ina kifuta jasho.

Neno si letu peke yetu. Washona wana mbereko kwa kitambaa kilekile. Waxhosa wana imbeleko, sherehe ya kumtambulisha mtoto kwa wahenga ambapo huchinjwa mbuzi. Katika Kizulu kitenzi beletha ni kubeba mgongoni na pia ni kuzaa. Kwa lugha hiyo, basi, kuzaa na kubeba havikutenganishwa na kitanda.

Jirani zaidi, kusini-magharibi mwa Uganda na nchini Rwanda, kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mada yote. Mbeleko ya asili ya huko ilikuwa ya ngozi. Kinyarwanda huiita ingobyi, na ingobyi hiyohiyo ni machela ya kumpelekea mgonjwa kwa mganga au hospitali. Upande wa Ankole na Kigezi machela ni engozi, na vijiji viliunda vyama vya engozi: wanaume wa mtaa mmoja wakipokezana kumshusha mgonjwa mlimani, au kuirudisha maiti nyumbani. Waingereza wakitaka kusema maisha mazima husema kutoka kitandani mwa utoto hadi kaburini, vituo viwili mbalimbali. Mnyarwanda ana neno moja tu kwa safari zote mbili, na katika zote mbili kuna mtu aliyebebwa na watu wanaotokwa jasho.

Sasa turudi kwetu, tena uwanjani. Refa akitoa penalti ya mashaka, jukwaa zima la Dar es Salaam linapiga kelele: mbeleko! Timu imebebwa. Kutoka mpirani neno limeingia mitihanini, kazini na bungeni. Dada aliyeingia kwa nafasi maalumu huambiwa kapewa mbeleko, na anayemwambia hucheka. Sikatai kwamba lugha inakua, wala sitaki kumnyima shabiki utani wake. Ila mhakiki asipite hapa bila kusimama. Neno lililokuwa likihesabu kazi ya mwanamke hadharani sasa linatumika kumwambia mwanamke kwamba hakufanya kazi. Aliyebeba katoweka kwenye picha, kabaki aliyebebwa na aibu yake.

Wazee walikuwa na njia mbili za kulitazama jambo hili. Methali moja inaonya mtu asitupe mbeleko na uzazi ungalipo. Humo mbeleko ni akiba. Nyingine inasema abebwaye hujikaza. Hii ya pili haimwonei haya aliye mgongoni, wala haimwachi alegee: inampa kazi. Aliyewahi kubeba mtoto anaijua tofauti hiyo kwa uti wa mgongo wake. Aliye macho hukumbatia mbavu kwa magoti, akawa mwepesi. Akilala tu, kichwa kinaning'inia upande, fundo linavuta bega, na hapo inabidi usimame njiani, uiname, umrushe kidogo juu na kufunga upya.