Mali Bila Daftari: Funzo la Saruji kwa Kitale na Bungoma

Mwalimu wa Kitale au Bungoma anayejenga nyumba kwa mshahara wake huijua saruji kuliko watu wengi. Huinunua kwa mifuko ya kilo 50, mwezi huu miwili, mwezi ujao hata mmoja hapati, kwa kuwa karo ya watoto imetangulia. Mfuko wenyewe huwa umekwisha kusafiri mbali. Viwanda vingi vya saruji nchini vimejikusanya Athi River, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kitale, na kila kilomita hulipiwa na mnunuzi wa mwisho. Mwenzake wa Bungoma ana jirani aliye karibu zaidi, kwani Tororo, ng'ambo ya mpaka wa Malaba, pamekuwa na kiwanda tangu miaka ya 1950. Hata hivyo, wote wawili hukipokea tu kilichoamuliwa na watu wengine. Kwa hiyo, suala la nani anamiliki kiwanda cha saruji, alikipataje na anakiendeshaje si mazungumzo ya matajiri peke yao.

Itakumbukwa kwamba viwanda hivi vilianzishwa na watu wachache wenye ujasiri. Kampuni ya Bamburi iliasisiwa na Felix Mandl mwaka 1951 na kuanza kutoa saruji mwaka 1954. Ilikaa muda mrefu mikononi mwa makampuni ya Ulaya, hadi Desemba 2024 iliponunuliwa na Amsons, kampuni ya familia moja ya Tanzania. Kwa sisi wa magharibi mwa Kenya, hata hivyo, kisa kinachotugusa zaidi ni cha Narendra Raval na kundi la makampuni la Devki.

Raval alizaliwa katika jimbo la Gujarat, India, akaja Kisumu akiwa kijana kuhudumu katika hekalu la Swaminarayan. Alipoacha utumishi huo aliingia katika biashara, na mwaka 1986 yeye na mkewe, Neeta, wakafungua duka dogo la vyuma katika mtaa wa Gikomba, Nairobi. Kutoka dukani alihamia kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, kisha mabati, na hatimaye saruji, kupitia kampuni ya National Cement inayouza saruji ya Simba. Mwanafunzi na autazame mpangilio huo. Anayenunua misumari atataka mabati, na anayetaka mabati atataka saruji. Familia hii ilikua kwa kumfuata mteja yule yule, hatua kwa hatua, hadi ikawa inamuuzia karibu kila kitu kinachosimamisha nyumba.

Kisa cha pili ni cha huzuni. Mwaka 1974 Harjinder Paunrana alianzisha Athi River Mining, kampuni iliyoanza kwa kusaga madini. Chini ya mwanawe, Pradeep, ilitengeneza saruji na hata mbolea ya Mavuno, ambayo wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia waliijua vizuri. Mwaka 1997 iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Ilivuka mipaka hadi Rwanda na Tanzania, ikajenga kiwanda kikubwa Tanga. Tanuri ya saruji hula mabilioni kabla ya kutoa mfuko wa kwanza, na deni lililoijenga halingoji soko lichangamke. Mwaka 2016 shirika la CDC la serikali ya Uingereza lilitia ndani dola milioni 140. Hazikutosha. Agosti 2018 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni. Mwaka uliofuata mali zake za Kenya zikanunuliwa na National Cement kwa takriban dola milioni 50, na kiwanda cha Tanga baadaye kikachukuliwa na kampuni ya Huaxin ya China.

Basi tuna familia mbili, zote zenye bidii, zote zilizoanza chini. Moja ilimezwa na nyingine. Wako watakaosema kwamba hii ni bahati tu, au kwamba biashara ya ukoo haina budi kufa mtoto anapoirithi. Mimi naona jibu liko katika methali tuliyoikariri sote shuleni: mali bila daftari hupotea bila habari. Ajabu ni kwamba daftari la Athi River Mining lilikuwapo, tena hadharani. Kampuni iliyo katika soko la hisa hulazimika kuchapisha hesabu zake, na hasara zilionekana magazetini kabla ya siku ya kuanguka. Habari zilikuwapo, waliokosekana ni wasomaji. Wangapi kati yetu, tulio na vyeti vya ualimu, tunaweza kuutazama ukurasa wa hesabu na kutambua kwamba deni limeizidi kampuni?

Kwa upande wa Devki hali ni tofauti. Hiyo ni mali ya familia, nayo haimo katika soko la hisa. Hailazimiki kuwaonyesha wananchi daftari lake, na kusema hivyo si kuituhumu, kwani ndivyo sheria ilivyo. Familia hiyo ilisifiwa kwa haki ilipozipa hospitali hewa ya oksijeni bila malipo wakati wa ugonjwa wa Covid-19. Lakini sifa ni kitu kimoja na maarifa ni kingine. Tunakisifu tusichoweza kukisoma.

Sasa jambo hili limetufikia mlangoni. Ukitoka Kitale kuelekea Kapenguria na kuteremka bonde la Marich, utafika Sebit, katika kaunti ya Pokot Magharibi, mahali penye milima ya mawe ya chokaa. Kwa miaka mingi wenyeji waliahidiwa kiwanda. Kampuni ya Cemtech, iliyokuwa ya kundi la Sanghi la India, ilishika mradi huo na miaka ikapita bila moshi kuonekana. Hatimaye mradi ukaangukia mikononi mwa Devki.

Mwalimu wa kemia anaweza kuwaeleza wanafunzi kwa nini tanuri haina budi kujengwa mlimani pale pale. Mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo kwa joto la karibu nyuzi 1,450 hadi yawe klinka, vidonge vigumu ambavyo baadaye husagwa na jasi kidogo kuwa saruji. Katika kila kilo 100 za chokaa safi, kilo 44 hupaa zikiwa hewa ya kaboni, zikabaki 56. Hakuna mfanyabiashara atakayelipia lori kubeba uzito utakaoishia angani. Kwa hiyo vumbi, moshi na shimo hubaki mlimani, klinka hushuka barabarani kupitia Kitale, na faida hukaa kwa mwenye tanuri.

Bungoma inajua mwisho wa habari kama hii unavyoweza kuwa. Mwaka 1974 kiwanda cha karatasi cha Pan African kilianza kazi Webuye, kwa ubia wa serikali na kampuni ya ukoo wa Birla wa India, pamoja na shirika la fedha la kimataifa, IFC. Mji ulikua ukikizunguka. Watu walivumilia harufu na mabati yaliyoliwa na kutu kwa sababu ya moshi, maadamu mishahara ililipwa. Januari 2009 kikafungwa. Wachuuzi, wenye nyumba za kupangisha na wakulima wa miti waligundua siku hiyo kwamba walikuwa wameegemea ukuta wasioujua msingi wake. Mwaka 2016 kiwanda kiliuzwa kwa familia ya Rai kwa shilingi milioni 900, na mji ukaanza tena kutumaini. Miaka ya ukimya haifutiki upesi.

Najua nitajibiwa kwamba mali ya mtu ni ya mtu, na kwamba anayetaka kuchungulia daftari la jirani ana husuda. Wengine watasema maswali mengi yatawafukuza wenye mitaji, wakati vijana wetu wanatafuta kazi. Hoja hizi zina uzito, na sidai kwamba familia yoyote itangaze faida yake sokoni. Lakini mwenye tanuri hafanyi kazi peke yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliitoza klinka iletwayo kutoka ng'ambo asilimia 17.5, na kwa tozo hiyo mwenye tanuri ya hapa nchini alikingwa kwa gharama ya mnunuzi. Aidha, mlima si wa familia. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaugawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali penye machimbo.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Asilimia 10 ya nini? Mwananchi wa Sebit asiyejua tani ngapi za mawe zimetoka mlimani mwezi huu hawezi kujua iwapo amepata haki yake au amepunjwa. Atapewa kiasi fulani, atashukuru, na ataimba siku ya sherehe. Daftari linalotakiwa kuwa wazi ni lile la mlima: tani zilizochimbwa, mrabaha uliolipwa, maji yaliyotumiwa, na mpango wa kulifunika shimo. Hili la mwisho si ndoto. Huko Bamburi, kuanzia mwaka 1971, René Haller alipanda mivinje katika machimbo yaliyokuwa jangwa jeupe, na leo ni bustani ambayo shule hupeleka wanafunzi kuitembelea.

Wajibu huu hauwezi kuachiwa wanasiasa, ambao hufika siku ya kukata utepe na kuondoka na vumbi la magari yao. Ni wajibu wa darasani. Mwalimu wa hisabati Kitale anaweza kutunga swali la mrabaha badala ya lile la matangi ya maji yasiyojulikana yako wapi. Mwalimu wa biashara Bungoma anaweza kuwaweka mezani hesabu za kampuni iliyoanguka na kuwauliza wanafunzi walione deni lilipoanza kupanda. Vitu hivi havihitaji maabara wala msaada wa wafadhili. Vinahitaji gazeti la jana na kalamu.

Familia ya Raval ilianza na duka dogo, na bila shaka siku zile kila msumari ulihesabiwa. Nasi tuanzie hapo hapo. Siku mwanafunzi wa Sebit atakaposimama katika baraza la chifu na kuuliza tani ngapi zilitoka mwezi uliopita, kisha akapiga hesabu ya fungu la jamii yake mbele ya wazee, tutakuwa tumejenga kitu ambacho hata kiwanda kikifungwa hakitafungwa nacho.