Pulsari: kuhesabu nyota zenye kutupa mgongo

Urani ya Shinkolobwe siye watu wa Likasi tunaijua. Mgodi uko karibu kilomita 20 tu na mji. Kitu tusichojiulizaka ni hiki: ile urani ilitengenezwa wapi? Si chini ya udongo. Wataalamu wengi wanafikiri sehemu kubwa yake ilitokea nyota mbili za nyutroni zilipogongana, mbele ya kuzaliwa kwa jua letu. Basi kuhesabu nyota hizo kunatugusa.

Nyota ya nyutroni ni kiini kinachobaki nyota kubwa ikilipuka. Ina uzito kupita jua, lakini upana wake ni kama kutoka hapa mjini mpaka Shinkolobwe. Nyingine zinazunguka mbio na kutupa miali ya redio, ndizo pulsari. Ya kwanza aliiona Jocelyn Bell, kule Cambridge, mwaka 1967: pigo moja kila sekunde 1.3.

Leo zinajulikana kupita 3,500. Lakini ni sawa vile kusimama njia panda usiku, umeme umekatika, unahesabu pikipiki za mji mzima kwa taa zake. Yenye kukuelekea unaiona. Yenye kukupa mgongo, hapana. Ya mbali sana, hapana vilevile. Kwa pulsari za kawaida, ni kama moja kati ya kumi, au mbili, ndizo zinatumulika. Kwa hiyo makadirio ya galaksi nzima yanaachana sana: wengine 155,000, wengine mpaka milioni, kufuatana na hesabu wanayofanya ya zile dhaifu.

Na uzazi wake? Kama kata iko na watu 6,000, na kila mtu anaishi miaka 60, lazima wazaliwe 100 kila mwaka ili isipungue. Pulsari inazima kisha miaka milioni kumi hivi, pengine zaidi. Jibu: inazaliwa moja mpaka tatu kila miaka 100.

Hapo ndipo matata. Milipuko ya nyota inayozizaa inakadiriwa kuwa miwili hivi kwa karne, na nyota za nyutroni ziko na jamaa wengine wasio pulsari za kawaida. Mwaka 2008 Evan Keane na Michael Kramer walijumlisha jamaa wote: watoto wakapita uzazi! Pengine kuna waliohesabiwa mara mbili, nyota ileile, kijana katika daftari moja, mzee katika lingine.