Nana Asma'u wa Sokoto, Mwalimu wa Wanawake

Kila tunapowahimiza wazazi wasiwaondoe binti zao chuoni wanapovunja ungo, twajibiwa kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa zamani na bibi mmoja wa Sokoto, mji ulioko kaskazini ya Nijeria.

Nana Asma'u alizaliwa mwaka 1793. Baba yake, Shehu Usman dan Fodio, ndiye aliyeasisi dola ya Kiislamu ya Sokoto. Shehu aliwalaumu wanavyuoni waliowasomesha wanafunzi wao, huku wakiwaacha wake na binti zao katika ujinga. Yeye aliwasomesha wa kwake. Nana akawa mwanachuoni, akatunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, ilhali ni mama wa watoto na mke wa Gidado, Waziri wa Sokoto.

Alipoona wanawake wa vijijini hawaijui dini yao, kiasi cha mwaka 1830 aliunda kundi la 'Yan Taru. Mama mwenye watoto wadogo hakulazimishwa kusafiri. Waliokwenda kwa Nana ni wanawake waliopita umri wa kuzaa, pamoja na wasichana wadogo, wakiongozwa na bibi aliyeitwa Jaji. Kila Jaji alivaa kofia pana ya kusukwa, iwe alama ya cheo chake. Walihifadhi mashairi ya Kihausa yaliyofundisha ibada na tabia njema, hata asiyejua kusoma aliweza kuyashika. Kisha walirejea vijijini kuwafundisha wenzao majumbani.

Nana alifariki mwaka 1864, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake haikufa. 'Yan Taru wangaliko hata leo. Na mwaka 1985 vyama vya wanawake Waislamu wa Nijeria viliungana kuwa shirikisho moja, na elimu ni katika kazi zake kubwa.

Basi tujiulize: binti tuliyemtoa chuoni kabla hajajua hukumu za tohara na sala, kesho atakapokuwa mama, atawafundisha nini wanawe? Naye ndiye mwalimu wao wa kwanza. Mtaani mwetu hawakosi mabibi wenye elimu. Tuwaombe wafundishe majumbani. Mwanamke asipoweza kwenda chuoni, chuo na kimwendee. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.