Walokole waliokataa kiapo na bunduki Embu na Meru

HISTORIA ya Mau Mau husimuliwa mara nyingi kana kwamba kulikuwa na pande mbili tu: wapiganaji wa msituni na homugadi waliosimama na serikali ya Mwingereza. Hata hivyo, miongoni mwa Waprotestanti wa maeneo yaliyokumbwa na vita hivyo, Embu na Meru yakiwamo, walikuwapo wachache waliokataa kuzitumikia pande zote mbili.

Hao walikuwa wafuasi wa Uamsho, vuguvugu lililoanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mwaka wa 1937. Lilienea ndani ya makanisa ya kimisheni. Upande wa Embu walitangulia Waanglikana. Upande wa Meru, Wamethodisti wa Kaaga na Wapresbiteri wa Chogoria.

Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, kiapo cha Mau Mau kilikuwa kimekwisha kuenea. Walokole walikikataa kwa hoja ya kiimani: aliyeshiriki damu ya Kristo hawezi kuingia agano jingine kwa damu ya mbuzi. Wapiganaji waliuona msimamo huo kuwa usaliti, na baadhi ya waliokataa waliuawa.

Serikali nayo iliwataka wajiunge na homugadi. Wengi wao walikataa kushika silaha, wakisema aliyeamriwa kumpenda adui hawezi kumwinda. Kwa hiyo walitiliwa shaka huku na huku.

Serikali ilikuwa na kipimo chake cha uaminifu. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika kupiga kura, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura katika Mkoa wa Kati bila cheti cha utiifu. Wameru wengi walikuwa na vyeti hivyo, jambo lililomsaidia Bernard Mate kumshinda Eliud Mathu. Cheti kilitolewa kwa aliyethibitika kuisaidia serikali kwa vitendo. Kutokula kiapo pekee hakukutosha.

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka wa 2003, na wapiganaji wakaanza kuenziwa hadharani. Ni haki yao. Lakini si haki kumhesabu kila aliyekataa kiapo kuwa kibaraka wa mkoloni. Mlokole aliyekataa kiapo, kisha akakataa na bunduki ya serikali, hakupata ulinzi wa upande wowote.