SAHANI ZA MELAMINI NA AMANA YA MWILI

Ndugu Waislamu, sahani za melamini zapendwa majumbani kwa kuwa hazivunjiki upesi. Lakini kutovunjika si kutochakaa. Zimefanywa kwa dawa mbili zilizoshikana: melamini yenyewe na formaldehidi. Chakula cha moto chenye uchachu huzitoa kidogo kidogo, khasa joto likipita digrii 70.

Uchakavu huo hupimwaje? Huko Ulaya wapimaji hutia katika sahani maji yenye asidi ya siki asilimia 3, kwa joto la digrii 70, muda wa saa mbili, mara tatu; kisha hutazama kilichotoka mara ya tatu. Sharia yao hairuhusu melamini kuzidi miligramu 2.5 katika kila kilo ya chakula.

Sisi nyumbani tuna macho na vidole. Sahani iliyofifia mng'aro, iliyoshika manjano yasiyotoka, au yenye mikwaruzo na nyufa, uso wake umekwisha kulika. Iondoeni. Hata iliyo mpya, msiwapakulie watoto uji wa ndimu unaofuka moshi. Tumieni bakuli la kaure.

Mtume (s.a.w.) amekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Basi israfu si kuitupa sahani mbovu. Mwenyezi Mungu atuhifadhi. Amin.