Unakohoa Usiku Unalaumu Vumbi ya Kalamba? Cheki Tumbo Kwanza

Umeshinda kwa nduthi siku mzima, vumbi ya barabara za Kalamba imekuingia mpaka kwa masikio. Saa nne usiku unafika keja, unamaliza sahani ya muthokoi na mutura ya pilipili, alafu unalala hapo hapo. Saa nane unashtuka. Unakohoa, kifua imekaza, pumzi haitoshi. Asubuhi unaambia mbogi, "Ni hii vumbi tu."

Inaweza kuwa vumbi. Lakini inaweza pia kuwa asidi ya tumbo imepanda ikafika mahali haifai.

Iko hivi. Chakula hushuka kwa umio, ile paipu inayotoka kooni hadi tumboni. Mwisho wake kuna msuli unaofanya kazi kama mlango: unafunguka chakula ipite, kisha unafunga. Ukilegea, asidi inarudi juu. Ule moto unasikia kifuani ndio kiungulia, ile wengi wetu tunaita alsa bila hata kupimwa.

Sasa mapafu inaingilia wapi? Kuna njia mbili.

Kwanza, matone madogo ya asidi yanaweza kufika kooni na kuteleza hadi kwa njia ya hewa, haswa ukiwa umelala. Yanachoma, unakohoa, asubuhi sauti inakwaruza. Ikizidi, unaweza hata kupata nimonia.

Pili, si lazima asidi ifike huko. Umio na njia ya hewa zinatumia neva moja kuongea na ubongo. Asidi ikichoma umio huku chini, neva inatuma meseji na mirija ya hewa inajibana. Ndio maana msee wa pumu anaweza kutumia inhela vizuri na bado ahangaike usiku.

Na usingoje kiungulia ndio ushtuke. Kuna watu hawasikii moto wowote, ni kikohozi tu.

Ufanye nini? Maliza kudishi masaa matatu kabla ya kulala. Punguza mafuta, pombe na fegi. Kama machungwa au pilipili hukuchoma, pia hizo zipunguze. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, ipande kama sentimita 15 hadi 20. Kupanga mito mingi haisaidii sana, ju inakukunja tumbo. Lalia upande wa kushoto.

Lakini usijifanye daktari. Kikohozi ikipitisha wiki mbili, enda upimwe TB. Kwa hospitali za serikali kipimo na dawa ni bure. Kama una pumu, usiache inhela ju umesoma hii. Maumivu ya kifua yakienda kwa mkono au taya na unatoka jasho, hiyo inaweza kuwa moyo: kimbia hosi saa hiyo hiyo. Ukitapika damu, au chakula ikikwama ukimeza, pia usingoje. Na kama umekuwa ukinunua dawa ya asidi kwa chemisti miezi na miezi, unaweza kuwa unafunika shida kubwa.

Ukifika kwa daktari, iwe ni hapa Kalamba au hospitali kuu ya kaunti pale Wote, usiseme tu "nakohoa". Mwambie kikohozi huanza saa ngapi, ulikula nini, na ulilala saa ngapi. Hiyo stori fupi inaweza kumsaidia kujua aanzie kwa mapafu ama kwa tumbo.